Nani Aliichora? Namna ya Kufuatilia Chimbuko la Sanamu za Zamani za Mashujaa wa Katuni

Siku za Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu linapofurika, wauzaji wa mitumba ya watoto hufungua mabale na kumwaga vitu vyao juu ya turubai. Wanaowahi huchagua kamera, yaani vile vilivyo vizima na vinavyong'aa, na jioni hubaki fagia, yaani masalia. Ni katika fagia hiyo, chini ya magari yasiyo na magurudumu na wanasesere walionyolewa nywele, ambamo mimi huzipata sanamu ndogo za plastiki za mashujaa wa vitabu vya katuni, nyingine zikiwa na umri wa miaka arobaini au zaidi. Muuzaji hana jina la kuzipa, na mtoto anayenunuliwa sanamu hizo hana pia. Hata hivyo, kila moja ina watu walioiwazia umbo lake, na watu hao wanaweza kutambuliwa hata na mtu asiye na kifaa chochote ila rula, tochi ya simu, kipande cha chaki na subira.

Mfano nitakaourudia katika mwongozo huu ni sanamu niliyoinunua kwa shilingi 30: mtu mwenye upara, mrefu kiasi cha sentimita 12, aliyevaa deraya ya rangi ya kijani na zambarau. Nilipoibana miguu yake kwa vidole viwili, mikono iliruka kama ya mtu anayerusha ngumi. Kule kuruka kwa mikono kulinielekeza kwenye kampuni iliyoitengeneza, na zile rangi mbili zikanielekeza kwa mchoraji.

Kabla ya kuanza, inafaa kufahamu kwamba sanamu ya namna hii karibu kila mara ina vyanzo vitatu. Kuna mchoro wa kwanza uliotokea kitabuni. Kuna michoro rasmi ambayo mwenye hakimiliki huwapa wenye leseni ili wote wamfuate shujaa yule yule. Halafu kuna maamuzi ya kiwanda, ambayo hutokana na bei ya plastiki, ugumu wa kalibu na idadi ya rangi zinazoruhusiwa. Kufuatilia chimbuko ni kuvitenganisha vyanzo hivyo vitatu, na wanaokosea wengi hukosea kwa sababu wameuona mwaka mmoja mgongoni mwa sanamu wakadhani umemaliza kila kitu.

Safisha bila kufuta ushahidi

Tumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini. Usiilowanishe sanamu yenye joho la kitambaa, wala ile inayocheza ukiibana, kwa sababu maji yakiingia kifuani hukaa humo na kutia chuma kutu. Sanamu hizo zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu tu. Petroli na asitoni zisikaribie kabisa. Miaka ya mwanzo nilijaribu kuondoa doa la wino kifuani mwa sanamu ya Batman kwa asitoni ya kuondolea rangi ya kucha, na pamoja na doa likaondoka duara lote la manjano lenye popo. Nitaeleza hapa chini kwa nini duara lile lilikuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake, na kwa nini hadi leo kazi hiyo inaniuma.

Soma mhuri, lakini uusome kama shahidi mmoja

Mihuri hujificha kwenye kisogo chini ya nywele, kati ya mabega chini ya joho, kiunoni, ndani ya paja na chini ya nyayo. Laza mwanga: weka tochi ubavuni mwa sanamu ili herufi zitupe kivuli badala ya kuimulika kutoka juu. Kwenye plastiki nyeusi, sugua chaki nyeupe kisha pangusa juu juu kwa kidole, nayo maandishi yatabaki yamejaa unga.

Mwaka ulio karibu na alama ya hakimiliki ni mwaka wa hakimiliki ya umbo au kipande hicho. Si lazima uwe mwaka sanamu ilipouzwa, na kichwa kinaweza kusema jambo moja huku mwili ukisema jingine. Mfano ulio wazi ni kampuni ya Mego ya New York, ambayo mwaka 1972 ilianza kuuza sanamu za mashujaa zenye urefu wa sentimita 20 na mavazi ya kitambaa. Mego ilitumia mwili ule ule kwa mashujaa wengi, ikibadilisha kichwa na nguo tu, hivyo mgongoni utakuta tarakimu za Kirumi MCMLXXI, yaani 1971, hata kwa shujaa aliyeingia madukani miaka kadhaa baadaye. Sanamu za Mego hufika Kibuye zikiwa uchi, kwa sababu nguo zake hupotea kabla ya mwili, na basi kichwa ndicho kinachobaki kuzungumza. Ukikuta kwenye kisogo herufi NPP, hizo ni za National Periodical Publications, jina rasmi la zamani la kampuni ya vitabu vya Superman na Batman, lililobadilishwa kuwa DC Comics mwaka 1977. Herufi hizo tatu zinakuambia kwamba kichwa kilichongwa kabla ya badiliko hilo, na kwamba uso unaoutazama ni wa Superman au Batman wa wachoraji wa miaka ya sitini na mwanzo wa sabini.

Jina la nchi pia husaidia. Hong Kong ndiyo iliyoandikwa kwenye nyingi za miaka ya sabini, halafu polepole zikaingia Macau na China.

Pima, bana, kunja

Urefu peke yake hauthibitishi, lakini unapunguza njia za kutafuta. Sanamu za sentimita 30 ni za ukoo wa G.I. Joe, ambaye Hasbro ilimtoa mwaka 1964 na ambaye kwa ajili yake wauzaji walianza kukwepa neno mwanasesere ili wavulana wasione haya. Mwaka 1966 kampuni ya Ideal ilimtoa Captain Action wa kimo hicho hicho, mtu mmoja aliyegeuzwa kuwa Superman, Batman au Captain America kwa kuvishwa nguo na uso wa plastiki laini. Kisha wakaja wale wa Mego wa sentimita 20. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya sabini, plastiki nayo ikapanda, na kimo kikazidi kushuka, hata kufikia miaka ya themanini mashujaa wengi wakawa kati ya sentimita 10 na 13.

Katika kundi hili la mwisho, namna sanamu inavyocheza ndiyo saini ya mbunifu wa kiwandani. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati iliuza mkusanyo wa Super Powers kuanzia mwaka 1984 hadi 1986, na kila sanamu ilifichiwa kimitambo: ukiibana miguu, mikono inapiga, kwa wengine, ukiibana mikono, mguu unarusha teke. Mattel, iliyouza sanamu za mashujaa wa Marvel, kampuni nyingine ya vitabu vya katuni, kuanzia mwaka huo huo wa 1984, haikuweka kimitambo. Iliwapa mashujaa wake ngao zenye picha inayobadilika ukiinamisha, na miili yao inafanana mno kiasi kwamba ukifunika vichwa na rangi utashindwa kuwatofautisha wengi wao. Kufanana huko ni uamuzi wa bajeti, na ukikuona usipoteze muda kumtafuta mchoraji aliyekusudia misuli ile.

Yule mwenye upara wangu alipiga ngumi. Basi alikuwa wa Kenner.

Linganisha vazi na kitabu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapotumia saa nyingi. Mashujaa wa katuni hubadilishiwa mavazi, na mabadiliko hayo yana tarehe zinazojulikana kwa mwezi. Ukizijua chache tu, sanamu itakuwa kama kitenge ambacho mama mwenye jicho hukitazama mara moja akakuambia kilitoka mwaka gani.

Anza na Batman. Aliingia katika Detective Comics namba 27 ya mwaka 1939, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, akiwa na popo mweusi mtupu kifuani. Duara la manjano nyuma ya popo liliongezwa mwaka 1964 katika namba 327 ya jarida hilo hilo, Carmine Infantino alipopewa kazi ya kumpa sura mpya chini ya mhariri Julius Schwartz. Kwa hiyo sanamu yenye duara hilo inamfuata Batman wa Infantino na waliomrithi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ya zamani kuliko hapo. Sasa unaelewa nilifuta nini kwa asitoni.

Wolverine anafundisha zaidi. Vazi lake la kwanza la manjano na buluu lilibuniwa na John Romita Mkubwa, na Wolverine akaonekana mwaka 1974 katika kitabu cha Hulk. Mwaka 1980 John Byrne alimvika rangi ya kahawia na hudhurungi, na mwaka 1991 katika michoro ya Jim Lee alirudi kwenye manjano na buluu. Lakini tazama sanamu ya Mattel ya mwaka 1984: ni ya manjano na buluu, wakati ambapo kitabuni shujaa huyo alikuwa akivaa kahawia. Kiwanda kilichagua rangi zinazong'aa badala ya zile za mwezi ule, na mtu asiyejua hilo angeipeleka sanamu hiyo mwaka 1974 au 1991, kote kukiwa ni kukosea. Ndiyo maana vazi linasomwa pamoja na mhuri, na kila kimoja kinamsahihisha mwenzake.

Robin, msaidizi wa Batman, naye ana alama rahisi: miguu. Kwa miongo mingi alivaa kaptura ndogo ya kijani na miguu wazi. Vazi lenye suruali ndefu lilibuniwa na Neal Adams kwa ajili ya Tim Drake, Robin wa miaka ya tisini, na Kenner ikalitumia kwenye sanamu iliyouzwa pamoja na zile za filamu ya Batman ya mwaka 1992, ingawa katika filamu hiyo Robin hayumo kabisa. Ukiipata sanamu hiyo usiitafutie chimbuko kwenye filamu, lipo kitabuni.

Hulk wa kijivu si lazima awe amepauka kwa jua la Kisumu. Katika toleo lake la kwanza la Mei 1962 alikuwa kijivu kweli, na alifanywa kijani katika toleo la pili kwa sababu mitambo ya uchapaji ilishindwa kutoa kijivu kisichobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Kwa kuthibitisha tarehe, tumia hifadhidata ya bure iitwayo Grand Comics Database, ambayo huonyesha majalada na majina ya wachoraji toleo kwa toleo. Tafuta jina la shujaa, pitia majalada ya miaka miwili kabla ya mwaka wa mhuri, na usisahau kwamba kitabu cha Kimarekani kwa kawaida kiliuzwa miezi miwili au mitatu kabla ya mwezi ulioandikwa juu ya jalada lake. Picha za majalada ni nzito, kwa hiyo zihifadhi kwenye simu ukiwa mahali penye mtandao wa bure kabla ya kwenda sokoni.

Hivyo ndivyo nilivyompata mwenye upara. Ni Lex Luthor, adui wa Superman, na deraya ile ya kijani na zambarau ilibuniwa na George Pérez kwa ajili ya Action Comics namba 544 ya Juni 1983, toleo la kuadhimisha miaka 45 ya Superman. Katika toleo hilo hilo Brainiac, adui mwingine wa Superman, alipewa umbo jipya la mashine, lililobuniwa na Ed Hannigan, na ndilo ambalo Kenner ililipaka rangi ya kung'aa kama sufuria mpya. Mwaka mmoja tu ulipita kati ya karatasi na plastiki.

Geuza mgongo

Nawasihi wanaoanza wasiishie kifuani. Mchoraji wa kitabu humchora shujaa kwa pembe inayofaa kisa, na anaweza kupitisha kurasa ishirini bila kuonyesha mkanda unafungwaje kwa nyuma au joho linaanzia wapi begani. Mchongaji hana ruhusa hiyo. Lazima ajue kila sehemu, ndiyo maana viwanda huhitaji karatasi inayomwonyesha shujaa kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, akiwa amesimama wima bila mbwembwe.

Kwa DC, karatasi hizo zilitoka kwa José Luis García-López, ambaye michoro yake ilijaza mwongozo rasmi wa mwaka 1982 uliopewa wenye leseni wote. Michoro yake iliingia kwenye maboksi, vikombe, mashati na sanamu za Super Powers, lakini mtoto aliyekuwa akicheza nazo hakuwa na pa kulisoma jina lake. Ishike sanamu ya Superman ya Kenner chini ya dirisha uzungushe taratibu: taya pana lisilo na hasira, shingo iliyonyooka, kifua kilichotulia, na buti ambazo ukingo wake wa juu umechongwa kwa mkato wa V ulio safi mbele. Hayo ni macho ya García-López yaliyopitishwa kwenye nta ya mchongaji. Kwa kawaida mchongaji wa zama hizo alifanya umbo kubwa kuliko lile lililokusudiwa, mara nyingi maradufu, kisha likapunguzwa wakati wa kutengeneza kalibu ya chuma. Ndiyo sababu mikunjo midogo ya uso inakuwa safi kuliko ambavyo mkono wa binadamu ungeweza kuchonga kwenye kichwa kidogo kama punje ya njugu.

Utakapogeuza mgongo utaona pia alama za kiwanda. Mstari mwembamba unaoshuka ubavuni ni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Vidole vilivyokunjwa kama ndoano vipo ili vishike silaha. Joho la kitambaa lipo kwa sababu joho gumu lingezuia mikono kucheza. Hakuna mchoraji aliyeyachora hayo.

Uliza kipi kilitangulia

Si kila mara kitabu ndicho mzazi. Kasa wanne wa Kevin Eastman na Peter Laird, waitwao Teenage Mutant Ninja Turtles, walianza mwaka 1984 katika kitabu cha rangi nyeusi na nyeupe, na kwenye majalada ya mwanzo wote walivaa vitambaa vyekundu usoni. Buluu, zambarau na rangi ya machungwa, pamoja na herufi za majina kwenye mikanda, zilikuja wakati wahusika hao walipoandaliwa kuwa filamu za katuni za televisheni na sanamu za kampuni ya Playmates, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1988. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu anayekuambia kwamba kasa Raphael ndiye mwekundu anasema kweli, ila ukweli huo umetoka kwenye biashara ya sanamu na televisheni zaidi kuliko kwenye wino wa kwanza.

Mfano mwingine ni Snake Eyes, askari aliyevaa nyeusi tii wa G.I. Joe wa mwaka 1982. Hasbro ilihitaji kubana gharama za rangi, na sanamu moja ikatolewa kwa plastiki nyeusi isiyopakwa chochote. Larry Hama, aliyeandika kitabu cha katuni cha G.I. Joe kwa Marvel, akampa ukimya na siri vinavyolingana na weusi huo, na akawa mmoja wa wanaopendwa zaidi. Huu ni uumbaji mkubwa, na mimi huuheshimu sawa na mchoro wowote.

Mfululizo wa Secret Wars, ulioanza na jalada la Mei 1984, nao ulizaliwa kwa sababu Mattel ilitaka tukio la kuuzia sanamu. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo na mwandishi wa mfululizo, alieleza kwamba jina lake lilitokana na maneno ambayo watoto waliohojiwa na Mattel waliyapenda. Kwa upande wa DC, Jack Kirby alitakiwa kuwachora upya wahusika wake wa mwanzo wa miaka ya sabini, akiwemo Darkseid, ili waingie Super Powers, na kwa michoro hiyo mipya alilipwa mrabaha. Kwa hiyo Darkseid wa plastiki wa mwaka 1985 amebuniwa mara mbili na mkono ule ule, na unapomwandika ni haki kutaja miaka yote miwili.

Tenga zilizonakiliwa na zilizounganishwa

Anayetengeneza kalibu kutoka kwa sanamu iliyokwisha tengenezwa hupata nakala ndogo kidogo, kwa sababu plastiki hujikunyata inapopoa, na kingo za macho na vidole hufifia. Ukiwa na ile ya asili, zisimamishe bega kwa bega. Mhuri uliokwaruzwa au uliozibwa kwa kibandiko ni dalili ya pili.

Usichanganye nakala na sanamu iliyotibiwa. Watoto wetu na mafundi wa jua kali huunganisha mkono wa mmoja kwa mwili wa mwingine kwa msumari uliochomwa moto. Chungulia kiungo: ukiona plastiki iliyoyeyuka na kuganda kama nta ya mshumaa, au rangi ya bega isiyolingana na ya kifua, soma mwili na mkono kama sanamu mbili.

Andika kadi

Ukimaliza, andika kadi moja kwa kila sanamu. Weka mstari wa mchoro wa kwanza, mstari wa michoro rasmi, mstari wa kiwanda, kisha mahali na siku uliyoipata. Kadi ya Luthor wangu inasomeka hivi: deraya ya George Pérez, Action Comics 544, Juni 1983, michoro rasmi ya DC ya José Luis García-López, Kenner, Super Powers, 1984, kimitambo cha ngumi kinafanya kazi, Kibuye, fagia, shilingi 30. Iandike kwa penseli, na uiweke katika mfuko mmoja na sanamu lakini ukitenganisha kwa karatasi nyeupe, kwa sababu plastiki laini ya zamani hufyonza wino, na maandishi ya kalamu yanaweza kuhamia mgongoni mwa sanamu yasitoke tena.